Uliza Inalia Lini

Kisa hiki ni cha mfano. Mzee, mkewe, mpangaji na mafundi waliomo humu hawana majina, kwa sababu hawatoki mtaa mmoja. Lakini kisima, pampu, swichi na tangi ni vile vile vilivyoko nyuma ya nyumba nyingi za Chanika, Goba, Kivule na Kigamboni, na madhara yaliyompata mzee huyu huwapata watu kwa mpangilio huu huu. Nakisimulia kwa ajili ya kila mwenye kisima nyumbani ambaye usiku husikia kitu kinagonga uani, akavuta shuka akalala.

Mzee alikuwa mstaafu. Kiinua mgongo chake alikimalizia kwenye nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam, yenye vyumba viwili vya uani vya kupangisha. Bomba la mtaa halikuwa limefika huko, na hata jamaa zake wa mjini waliokuwa nalo walimsimulia shida ya mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakawa ya mgawo. Akachimba kisima kirefu, pampu ya kuzama ikateremshwa mita 50. Kwa kuwa hakutaka gharama ya mnara wa kuweka tangi juu, alifungiwa tangi la presha la lita 100, la chuma, likasimamishwa kwenye zege karibu na ukuta wa uani. Ukifungua bomba, maji yanakuja kwa nguvu. Ukifunga, pampu inajizima yenyewe. Kwa miaka mitatu mzee hakuligusa tangi lile, na hakuna aliyemwambia kwamba linahitaji kuguswa.

Mwaka wa nne sauti ikaanza. Ilikuwa ndogo: tak, kisha kimya kirefu, kisha tak nyingine. Ilitoka kwenye kisanduku kidogo cha plastiki kilicho kwenye bomba la chini ya tangi, ambacho ndicho presha swichi. Miezi ikapita, kimya cha katikati kikawa kinapungua. Ilifika mahali mtu akioga chumba cha uani, kisanduku kinagonga mfululizo tangu anajipaka sabuni hadi anajifuta.

Mpangaji mmoja, kijana aliyefanya kazi zamu za usiku na kulala mchana, akaenda kumwona.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

“Samahani baba, lile tangi la nje linanisumbua. Silali.”

Mzee alikuwa mwenye nyumba muungwana, akalichukulia jambo lile kwa uzito. Kosa lake likaanzia hapo hapo: alichokichukulia kwa uzito ni usingizi wa mpangaji, na tangi lenyewe hakuliuliza kitu. Alitafuta godoro la zamani la sponji, akalikata, akalizungushia tangi na swichi pamoja na kulifunga kwa kamba ya manila. Juma lililofuata akamwita mwashi akajenga kibanda cha tofali kuzunguka vyote viwili, kikaezekwa bati. Sauti ikafifia. Mpangaji akashukuru.

Lakini taa za nyumba zilikuwa zikififia kila mtu anapofungua maji, na uniti za LUKU zikawa zinakwisha kabla ya siku zake. Mzee akamwita fundi kijana aliyekuwa akifunga masinki nyumba ya jirani. Kijana akafunua sponji, akafungua kisanduku, akakuta konta za swichi, vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme, zimeungua na kuwa nyeusi. Akazisugua kwa msasa hadi zikang’aa, kisha akakaza nati kubwa ya springi mizunguko kadhaa. “Mzee, presha ilikuwa imelegea,” akasema. Maji yakatoka bafuni kwa nguvu kuliko siku zote. Kila mtu akafurahi, kijana akalipwa, sponji ikarudishwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini konta ziliungua.

Jumamosi moja mzee na familia yake walikwenda Bagamoyo harusini. Mpangaji alifua jioni, akaoga, akafunga bomba, akaenda zamu. Kwenye swichi, ndani ya sponji na ndani ya kibanda, konta zilizokwisha kuliwa na cheche ziligandana. Swichi ikawa haiwezi tena kukata umeme. Pampu ikaendelea kusukuma maji kwenye mabomba yaliyofungwa kila upande.

Presha iliyofuatia inahesabika. Pampu yake iliweza kuinua maji hadi mita 90. Maji kisimani yalikuwa mita 25 chini ya ardhi. Zinabaki mita 65, na kila mita 10 za maji ni takriban bar 1 ya presha. Mabomba yaliyozoea bar 3 na nusu yakabebeshwa bar 6 na nusu, bila valvu ya usalama ya kuipunguza. Ungio moja la plastiki, lililopakwa gundi kidogo siku ya ujenzi, likafyatuka juu ya dari ya chumba cha mpangaji. Pampu ya lita 30 kwa dakika ikammiminia darini lita 1,800 kwa saa, sawa na madumu 90 ya lita 20. Jipsamu ikalowa, ikashuka yote juu ya kitanda. Asingekuwa zamu, ingemkuta amelala.

Mwisho wake ukawa kisimani. Kisima kilikuwa kinaingiza maji kidogo kuliko pampu ilivyokuwa ikiyatoa, kwa hiyo maji yakashuka hadi kwenye mdomo wa pampu. Mota ya kuzama hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Maji yakikatika, inachemka. Na sakiti breka haikumsaidia, kwa sababu pampu inayozunguka pakavu huvuta umeme pungufu kuliko kawaida, na breka hukata umeme unapozidi tu. Familia iliporudi Jumapili ilikuta uani pamelowa, dari imeanguka, sponji ina alama ya kuungua ilipogusana na swichi, na kisima hakitoi hata tone.

Safari hii aliitwa fundi wa visima mwenye umri. Alipofika hakukimbilia kisimani. Alisimama mbele ya kile kibanda, akauliza swali moja.

“Mzee mwenzangu, kabla ya haya, kitu hiki kilikuwa kinalia lini?”

“Usiku,” mzee akajibu.

“Usiku bomba likiwa wazi, au mabomba yote yakiwa yamefungwa? Kililia pampu inapowaka, inapozima, au katikati?”

Mzee hakuwa na jibu. Aliyejibu ni mkewe, akiwa mlangoni na kanga ya kazi kiunoni. “Mimi nakwambia baba. Nikifungua bomba la jikoni tu, kinaanza. Maji yanakuja kwa nguvu, yanalegea, yanakuja tena. Na kila kikigonga, taa ya jikoni inafifia. Nikifunga, kinanyamaza. Mbona hiyo ina muda mrefu.”

“Mama, umeshanimalizia kazi,” fundi akasema.

Akaenda kwenye tangi, akafungua kifuniko kidogo cha juu, akabonyeza pini ya ndani kwa ncha ya bisibisi. Badala ya upepo, yakaruka maji. Akaifunika. “Blada imetoboka. Haikutoboka jana.”

Ili kuelewa alichokijua fundi yule kwa maneno machache ya mama, ni lazima tujue kilichomo ndani ya tangi la presha. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuhifadhi maji. Kazi yake kubwa ni kuhifadhi upepo. Maji hayabonyei, hata ukiyakandamiza kwa nguvu kubwa hupungua kidogo mno. Upepo unabonyea na kurudi. Kwa hiyo ndani ya tangi kuna mfuko wa mpira, sawa na blada ya mpira wa miguu: maji upande mmoja, upepo upande wa pili. Pampu inapojaza maji, upepo unabanwa. Unapofungua bomba, upepo unatanuka na kuyasukuma maji hadi kwenye beseni lako, na mota inapumzika.

Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni inayoeleza jambo hili: ukizidisha presha ya upepo uliofungiwa na ujazo wake, jibu halibadiliki ikiwa joto halibadiliki. Tuitumie kwenye tangi la mzee. Swichi yake, kabla ya kuchezewa, iliwasha pampu presha ikishuka hadi bar 2 na kuizima ikifika bar 3.5. Upepo wa kuanzia ulikuwa bar 1.8. Kwa kila namba tunaongeza bar 1 ya hewa ya angani, kwa kuwa geji ya presha haiihesabu. Tangi la lita 100 lenye upepo huo hubaki na upepo wa lita 93 pampu inapowaka, na lita 62 inapozima. Tofauti, lita 31, ndiyo maji unayoweza kuyatumia bila mota kuamka. Upepo ukivuja hadi bar 0.5, lita hizo zinashuka hadi karibu 17. Blada ikitoboka, maji yanaingia upande wa upepo, upepo unayeyukia kwenye maji na kutoka nayo bombani siku baada ya siku, hadi akiba yote inakuwa lita 1 au pungufu.

Sasa fikiria mtu anaoga kwa lita 10 kwa dakika. Tangi likiwa zima, lita 31 zinamtosha dakika 3, kisha pampu inawaka na kujaza kwa dakika 1 na nusu. Akioga dakika 10, mota imewashwa mara 2 hivi. Akiba ikiwa lita 1, inakwisha kwa sekunde 6 na kujaa kwa sekunde 3. Kila sekunde 9 mota inawashwa upya, na katika zile zile dakika 10 inawashwa zaidi ya mara 60. Kampuni ya Franklin Electric, mtengenezaji mkubwa wa mota za visimani, kwenye mwongozo wake imeweka ukomo wa kuwashwa mara 100 kwa siku kwa mota ya hp 1 ya umeme wa fezi moja, na inataka mota ikishawaka izunguke angalau dakika 1 kabla ya kuzima. Nyumba yenye watu saba inaumaliza ukomo huo kabla ya chai ya asubuhi.

Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Ndiyo maana taa ya mama ilikuwa ikififia, na LUKU ikawa inakwisha. Ndiyo maana pia konta ziliungua: kila zikifunga na kufunguka huruka cheche, na cheche hula chuma. Kijana alipozisugua kwa msasa aliondoa safu ya nje iliyotengenezwa kuvumilia cheche, akaharakisha siku ya kugandana. Alipokaza springi aliongeza presha bila kuongeza upepo, na mabomba yakalemewa zaidi. Sponji ikafungia joto na kuficha mlio ambao ungewaonya. Katika kila hatua waliitibu sauti, na tangi likaendelea kuumwa. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Swali la fundi mzee, “inalia lini?”, linafaa kwa kila kelele ya mfumo huu, kwa sababu wakati wa sauti hutaja kifaa kinachougua vizuri kuliko ukubwa wake. Sauti husafiri ndani ya bomba na kutokea mahali pengine kabisa, kwa hiyo sikio linaloufuata mlio hupotea. Tuyapitie majibu mengine anayoweza kupewa mwenye swali hilo.

Kama pampu inawaka yenyewe kila baada ya muda huku mabomba yote yamefungwa, maji yanakwenda mahali. Funga valvu iliyo baada ya tangi, ile inayopeleka maji nyumbani, kisha angalia geji wakati pampu imelala. Mshale ukisimama, uvujaji uko ndani ya nyumba, na mtuhumiwa wa kwanza ni tangi la choo cha kuvuta ambalo boya lake halifungi. Mshale ukiendelea kushuka na hakuna panapolowa karibu na tangi, maji yanarudi kisimani: valvu inayozuia maji kurudi, ambayo mafundi huiita chekivalvu, imeshikwa na mchanga au imechoka, au bomba lina tundu huko chini.

Kama ni kishindo kimoja, boom, wakati pampu inapozima au mtu anapofunga koki kwa ghafla, hilo ni pigo la maji. Maji yaliyokuwa mbioni yamesimamishwa, na mwendo wake wote unageuka presha mara moja. Mrusi Nikolai Zhukovsky alilichunguza jambo hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow na kuchapisha hesabu zake mwaka 1898. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakisimamishwa papo hapo, huongeza presha kwa takriban bar 12. Bomba la plastiki hutanuka kidogo na pigo huwa dogo, lakini linatosha kulegeza ungio moja baada ya jingine. Chanzo mara nyingi ni chekivalvu inayochelewa kufunga, ikangoja hadi maji yaanze kurudi ndipo ijibamize. Tiba yake ni kubadilisha valvu hiyo kwa ile ya springi inayofunga mapema, na kuyabana mabomba ukutani yasichezecheze. Tangi lenye upepo sahihi nalo hulilainisha pigo. Lisipokuwa na upepo, kishindo huongezeka.

Kama swichi inatetemeka, trrr, kila pampu inapowaka au kuzima, na ukipima upepo unakuta uko sawa, chunguza kijibomba chembamba kinachoipelekea swichi presha. Kutu na tope la kisima hukiziba, swichi ikawa inapata habari za maji kwa kuchelewa. Huhitaji kununua tangi. Kifungue, kisafishe, au ukibadilishe.

Kama kelele iko wakati wote pampu inapozunguka, sikiliza aina yake. Maji yakitoka bombani na viputo, yakikohoa na kuonekana meupe kabla ya kutulia kwenye glasi, hewa imeingia. Wakati wa kiangazi sababu inaweza kuwa maji ya kisima yameshuka hadi kwenye pampu. Kwa pampu ya juu ya ardhi, inayonyonya kutoka kisima kifupi, huenda bomba la kunyonyea lina ufa. Pampu ya namna hiyo ina mpaka wa maumbile: hewa ya angani ndiyo inayoyasukuma maji kupanda, na pwani haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi hata kwa pampu kamilifu, kwa kazi ya kila siku ni mita 7 au 8. Maji yakishuka chini ya hapo, pampu hutoa mlio wa kusaga changarawe, na mabawa yake huharibika. Zima, na uyape maji muda wa kurudi.

Na kama mota inanguruma, mmm, bila maji kutoka, zima sekunde hiyo hiyo. Huenda kapasita yake imekufa, au umeme uliofika ni hafifu, au mchanga umeibana. Mota iliyokwama huku umeme unapita haichukui dakika nyingi kuungua.

Kupima upepo wa tangi ni kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuijua, na ina utaratibu wake usiobadilishwa. Kwanza, zima umeme wa pampu kwenye breka, na uhakikishe hakuna atakayeiwasha ukiwa umeinama pale. Pili, fungua bomba la chini kabisa hadi maji yaishe na geji isome sifuri, kisha liache wazi. Tatu, fungua kifuniko cha juu cha tangi, ubonyeze pini kidogo. Yakitoka maji, blada imekwisha. Ukitoka upepo, pima kwa kipimo kile kile cha tairi la gari. Nne, jaza au punguza hadi upepo uwe bar 0.2 chini ya presha inayowasha pampu: swichi ikiwasha kwenye bar 2, upepo uwe 1.8. Ukipima tangi likiwa na maji yenye presha, kipimo kitakusomea presha ya maji na kukudanganya. Upepo ukijazwa leo na kupungua tena baada ya siku chache, kuna mahali unapotokea. Paka povu la sabuni kwenye valvu kabla ya kuilaumu blada.

Blada iliyotoboka hubadilishwa kwenye matangi yenye kifuniko kilichofungwa kwa bolti chini. Mengine yameunganishwa moja kwa moja, na hayo hubadilishwa mazima. Tangi la pwani lichunguzwe zaidi, kwa sababu maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, na chumvi hula chuma cha kitako na maungio. Tangi ambalo kutu imeingia ndani ya bati lisijazwe upepo hata kidogo. Chuma kilichochoka kikipasuka kwa presha hurusha vipande. Usilichomelee wala usilitoboe. Litoe.

Swichi, waya za pampu na waya wa eathi mwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Umeme wa volti 230 na saruji iliyolowa havikupi nafasi ya kujifunza. Fundi huyo umwombe vitu viwili ambavyo mzee wetu hakuwa navyo: valvu ya usalama inayoachia maji presha ikizidi kiwango, imwage mahali panapoonekana, na kifaa kinachoikata pampu maji ya kisima yakiisha. Cha kwanza kingeokoa chumba cha mpangaji, na cha pili kingeiokoa mota. Blada yenyewe ni kipande cha mpira. Mzee alilipa blada, swichi, pampu mpya, kazi ya kuivua pampu ya zamani kutoka mita 50, dari na godoro la mpangaji. Kibanda cha tofali kilibomolewa siku ya kwanza, ili fundi apate nafasi ya kulifanyia kazi tangi.

Tangi lolote la presha linataka kupimwa mara 2 kwa mwaka, na kabla ya masika na kabla ya vuli ni vipindi rahisi kuvikumbuka. Andika ubavuni mwake kwa rangi presha ya kuwasha, presha ya kuzima, upepo uliojazwa na tarehe. Usiliezeke kwa namna itakayokuzuia kuliona, na usilivike chochote. Likianza kuuacha ule mngurumo wake wa kawaida na kutoa mlio mwingine, hesabu sekunde kati ya mlio na mlio huku bomba moja likiwa wazi. Pampu ikiwaka na kuzima ndani ya dakika 1, usisubiri mwisho wa mwezi.

Na kabla hujamwita fundi, kaa na yule anayefua na kuosha vyombo nyumbani kwako, awe mkeo, dada wa kazi au mwanao. Ndiye anayeshika bomba kila siku, na ndiye mwenye habari. Muulize sauti inakuja lini, maji yanatokaje ikija, na taa zinafanya nini. Andika atakachosema kwenye karatasi. Fundi akifika, mpe karatasi hiyo kabla ya kumpa fedha. Akiisoma na kuuliza zaidi, mfungulie kisanduku. Akiiweka pembeni na kushika spana, mshukuru kwa kuja kwake, utafute mwingine.